Damu imepita, lakini je, amefaulu? Kupima mkono wa mwanagenzi wa upasuaji wa hadubini

Vibanio vimeachiwa, damu imepita kwenye mshipa wa milimita moja, na mwanagenzi anashusha pumzi. Katika vyumba vingi vya mazoezi hapo ndipo mtahini anapotia alama ya vema na kufunga daftari. Lakini damu kupita ni ushahidi mwembamba mno wa ustadi. Mshono mbovu unaweza kupitisha damu muda wote wa mtihani, na mshono mzuri unaweza kuziba kwa sababu isiyohusu mkono wa mshonaji. Anayetaka kujua kama mkono umeiva hana budi kutazama kosa linapojificha, yaani ndani ya mshipa.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mwaka 1902 Alexis Carrel, daktari Mfaransa, alieleza namna ya kuunga mishipa kwa kutumia nyuzi tatu za kushikilia, zinazouvuta mdomo wa duara mpaka ukawa pembetatu inayoshoneka kwa urahisi. Kazi hiyo ilichangia Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1912. Mwaka 1960 Julius Jacobson na Ernesto Suarez, wakiwa Vermont nchini Marekani, waliipeleka kazi hiyo chini ya hadubini, na mishipa midogo ambayo awali ilishindikana ikaanza kuungika. Miaka mitano baadaye Shigeo Komatsu na Susumu Tamai wakarudisha kidole gumba kilichokatika kabisa, huko Nara, Japani. Leo mbinu hiyo hurudisha vidole vilivyokatwa na mashine, na huwezesha mfupa mwembamba wa mguu kuhamishwa ili kujenga taya lililoliwa na saratani. Nyama na mfupa vinavyohamishwa huishi kwa ateri moja na vena moja au mbili. Mshono wa upana wa milimita moja hadi tatu ukiziba, kazi ya saa nane inakufa pamoja nao.

Uzi unaotumika zaidi kwa mshipa wa milimita moja ni wa saizi 10-0, wenye unene wa mikroni 20 hadi 29, wakati unywele wa mtu ni mikroni 50 hadi 100. Sindano yake ni mikroni 75 au 100. Mdomo wa mshipa hukatwa wima, tabaka la nje linaloning'inia hupunguzwa, kisha tundu, yaani uwazi wa ndani ya mshipa, huoshwa kwa maji ya chumvi yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi uniti 100 kwa kila mililita. Kitanulio huingizwa taratibu, na mshipa hautanuliwi kupita mara moja na nusu ya upana wake wa kawaida. Sindano huingia wima kwenye ukuta, umbali kutoka ukingoni ukiwa karibu mara mbili ya unene wa ukuta wa ateri. Kwenye vena, ambayo ukuta wake ni mwembamba, umbali huongezwa. Fundo lina mizunguko mitatu. Ateri ya milimita moja humalizika kwa mishono sita hadi nane. Kila mojawapo ya hatua hizi ina namna yake ya kuharibika, na ndiyo maana alama moja ya "imepita" au "haikupita" haitoshi.

Kwa nini damu hudanganya

Mshipa ukiachiwa, chembe sahani za damu, zile zinazoanzisha kuganda, hukimbilia kwenye uzi na kwenye kolajeni, nyuzi za protini za ukuta wa mshipa, iliyo wazi pale utando wa ndani ulipochanika. Kuganda huko hujengeka ndani ya dakika za mwanzo. Kwa hiyo mtahini anayetazama sekunde 30 baada ya kuachia vibanio anapima mtiririko wa kwanza tu, kabla mshono haujapata nafasi ya kulipiza makosa yake. Subiri angalau dakika 20, kisha pima tena.

Kipimo cha kawaida kwa mnyama aliye hai hufanywa kwa koleo mbili, chini ya mshono kwa kufuata mwelekeo wa damu. Koleo ya kwanza hubana mshipa karibu na mshono. Ya pili hubana papo hapo na kuteleza kuelekea mbele, ikikamua damu, mpaka kipande katikati ya koleo mbili kiwe kitupu. Koleo ya kwanza ikiachiwa, kipande hicho kinapaswa kujaa mara moja. Kikijaa polepole, mshono umebana, kisipojaa, umeziba. Wanagenzi wengi hukifanya juu ya mshono badala ya chini yake, jambo lisilopima chochote, au hukirudia mara tano sita mpaka utando wa ndani unapondeka na kuzaa tatizo lililokuwa halipo. Mara moja au mbili zinatosha, kwa koleo yenye ncha laini.

Kudunda kwa mshipa nako si ushahidi. Ateri iliyoziba hudunda pia: damu hugonga kizuizi na kuusukuma mshipa mbele na nyuma kwa urefu wake. Ateri iliyo wazi hupanuka na kunywea kwa upana. Mtahini asiyetofautisha mienendo hii miwili humpa alama mtu asiyestahili.

Hata kipimo kikifanywa sawasawa, tatizo kubwa linabaki: jibu ni ndiyo au hapana. Wanagenzi wawili wanaweza kupata "ndiyo" mara kumi mfululizo, mmoja akiwa na mishono minane iliyonyooka, mwingine akiwa na uzi unaoelea ndani ya tundu. Kipimo hiki hakiwatenganishi. Na kwenye paja la kuku, ambalo ndilo zana ya mazoezi ya bei nafuu kuliko zote, hakuna damu ya kuganda kabisa. Maji yenye rangi yakisukumwa kwa bomba la sindano yataonyesha mahali panapovuja. Hayataonyesha mahali ambapo damu ingeganda.

Pasua mshipa utazame ndani

Fundi cherehani mzuri hukagua nguo kwa kuigeuza ndani nje, na hapa ndivyo inavyotakiwa. Kazi ikiisha, piga picha ya nje kwanza, mshipa ukiwa mzima. Kata milimita tatu hadi tano kila upande wa mshono, osha kwa maji ya chumvi, kisha ingiza ubavu mmoja wa mkasi mdogo ndani ya tundu na upasue kwa urefu, katikati ya mishono miwili ya ukuta wa mbele. Chagua mbele makusudi, ili ukuta wa nyuma, ambao ndio wenye siri nyingi, ubaki mzima. Mkasi ukikwama, usilazimishe: huenda umekutana na uzi uliokatisha tundu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na ukiukata unaharibu ushahidi. Tandaza mshipa juu ya kitambaa cha rangi ya kijani au buluu, ubane pembe zake kwa sindano nyembamba, weka rula yenye milimita pembeni, piga picha ya upande wa ndani.

Picha hiyo ndiyo inayosahihishwa. Kundi la watafiti wa upasuaji huko London lilitengeneza orodha ya makosa kumi yanayoonekana ndani ya mshipa uliofunguliwa, inayojulikana kwa kifupisho ALI (Anastomosis Lapse Index). Alama ni idadi ya makosa, kwa hiyo aliye na chache ndiye bora. Uzuri wake ni kwamba kila kosa lina chanzo mkononi, na mtahini anayejua chanzo anaweza kumwambia mwanagenzi jambo la kufanya kesho.

Kosa linaloogopwa zaidi ni sindano kushika ukuta wa nyuma au wa pembeni. Tundu linashonwa kufungwa. Hutokea ncha ya sindano ikishuka zaidi ya inavyoonekana, hasa tundu likiwa limelala kwa kukosa maji, au mwanagenzi akipitisha kuta zote mbili kwa mpigo mmoja bila kuiona ncha katikati. Dawa yake ni kujaza tundu kwa maji kila mara na kuingiza ncha ya koleo ndani, bila kuminya, ili iwe ngao. Mwaka 1967 daktari wa upasuaji Cobbett alipendekeza mishono miwili ya kwanza iachane kwa digrii 120 badala ya 180. Ukuta wa nyuma, ukiwa mrefu kuliko wa mbele, huanguka mbali na sindano. Mwanagenzi anayerudia kosa hili huku akishona kwa 180 ahamishiwe 120 kabla ya kulaumiwa.

La pili kwa hatari, na ndilo linalowapita watahini wengi, ni mshono uliopita nusu ya unene wa ukuta. Kwa nje unaonekana safi kabisa. Kwa ndani utando umeachwa ukining'inia kama kipande kilicholegea, na damu hukikuta kila inapopita. Sindano iliingia kwa mshazari badala ya wima, au tabaka la nje halikupunguzwa na likashikwa likidhaniwa ni ukuta wote. Hakuna namna ya kuliona kosa hili bila kufungua mshipa, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuufungua.

Uzi kuonekana ndani ya tundu kuna maana mbili, na mtahini azitofautishe. Mstari mfupi ulionyooka unaovuka mpaka wa kingo mbili ni kawaida ya mshono uliopita ukuta wote. Kitanzi kilicholegea, au mkia wa fundo ulioburutwa ndani, ni kosa, kwa kuwa chembe sahani hukaa juu yake. Chanzo ni fundo la kwanza kuachwa legevu, au mikia kukatwa mirefu.

Mengine tuyapitie kwa haraka. Mshono wa mshazari, ulioingia penye namba 3 ya uso wa saa ukatokea penye namba 4, huzungusha mshipa na kuukunja. Mshono uliochukua ukuta mwingi hugeuza ukingo kuingia ndani. Ukingo mmoja kupanda juu ya mwingine hutokana mara nyingi na midomo isiyolingana upana. Fundo lililokazwa kupita kiasi hunyonga nyama mpaka ikawa nyeupe. La kutosha huzileta kingo zigusane tu. Mchaniko wa ukuta huja sindano inapovutwa kwa mstari ulionyooka badala ya kufuata mkunjo wake, au koleo inaposhika utando wa ndani, tendo ambalo halina udhuru hata kwa mgeni wa kazi. Halafu kuna mstari wa mshono kuachana mpaka pengo likaonekana, na mishono kutolingana nafasi. Makosa haya mawili mara nyingi ni ndugu: mishono mitatu imebanana upande mmoja, na upande wa pili pamebaki uwazi unaovuja.

Udhaifu wa kuhesabu makosa ni kwamba kila kosa lina uzito sawa. Mishono isiyolingana nafasi kidogo inaweza isidhuru chochote, huku ukuta wa nyuma ulioshonwa ukiua kidole. Kwa mtihani wa kumruhusu mtu aende kwa mgonjwa, heshimu jumla ya alama lakini weka sharti pembeni: ukuta wa nyuma kushikwa, au utando kuning'inia, ni kufeli mshipa huo hata kama mengine yote ni safi. Amua pia kabla ya mtihani kama unahesabu aina za makosa au kila tukio la kosa, na uandike kwenye fomu. Watahini wawili wanaohesabu kwa njia tofauti hutoa alama zisizolinganishika hata kidogo.

Mkono ukiwa kazini

Picha ya ndani inaonyesha matokeo, haionyeshi njia. Mtu anaweza kufikia mshono mzuri baada ya kuipinda sindano tatu na kudondosha uzi mara ishirini. Kwa njia, kuna vipimo vya kutazama video na kutoa alama moja hadi tano kwa kila kipengele. Vyote vina asili katika OSATS, fomu ya kupimia ustadi wa upasuaji iliyobuniwa Toronto miaka ya 1990, yenye vipengele saba vikiwemo heshima kwa nyama, utumiaji wa vifaa na mtiririko wa kazi. Kipengele chake cha kutumia wasaidizi hakina maana kwa mtu anayeshona peke yake mezani, na fomu inayokiacha humo hutoa alama za bure. Vilivyotengenezwa mahususi kwa hadubini ni pamoja na SAMS, UWOMSA cha Kanada, na SMaRT cha Stanford, ambacho kina vipengele tisa kuanzia ushikaji wa uzi hadi ubora wa fundo.

Fomu yoyote ile ina thamani kwa kadiri maelezo ya kila alama yalivyo wazi. "Tatu: wastani" halisemi kitu. "Tatu: sindano hushikwa katikati au mbele kidogo ya katikati, lakini hurekebishwa zaidi ya mara mbili kabla ya kuingia" linasema. Orodha ndefu za ndiyo na hapana zina mtego wake, kwani bingwa huruka hatua ambazo hazihitaji na hupoteza alama, wakati mgeni aliyekariri hatua huzipata zote. Kwa kutenganisha viwango, alama za jumla zinazotolewa na jicho lenye uzoefu hufanya kazi vizuri zaidi.

Muda ndio kipimo rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachopotosha zaidi. Hupungua haraka katika wiki za kwanza kwa sababu mtu anazoea hadubini na kufunga fundo, hata kama sindano yake bado inaingia kwa mshazari. Mwanagenzi akijua anapimwa kwa saa, ataacha kuosha tundu na ataacha kuikagua ncha. Andika muda, lakini usiutoe alama mpaka makosa yawe yameshuka na kutulia.

Vipo vifaa vya kufuatilia mikono, kama ule mfumo wa Imperial College unaobandika vihisio vya sumakuumeme nyuma ya viganja na kuhesabu miondoko na urefu wa njia. Vinatenganisha wageni na mabingwa. Lakini chini ya hadubini kiganja kimeegemezwa mezani, na kazi inafanywa na ncha za vidole. Kihisio cha nyuma ya kiganja husikia nusu ya habari. Kwa kituo chenye bajeti ndogo, kamera ya simu iliyofungwa vizuri kwenye jicho la hadubini inafaa zaidi, ilimradi sindano ionekane waziwazi kwenye video.

Mshipa wa kutahinia

Mrija wa silikoni ni safi na haubadiliki, lakini haulali kama mshipa halisi wala hauna tabaka la nje, hivyo makosa mawili, ukuta wa nyuma kushikwa na tabaka la nje kuingia tunduni, hayajitokezi kirahisi. Unafaa kwa mafundo. Ateri ya paja la kuku, yenye upana wa takriban milimita 1.5 hadi 2.5, ina tabaka zote, inapatikana buchani, na haiui mnyama kwa ajili ya mtihani. Panya wa maabara, ambaye ateri yake ya paja ni karibu milimita moja, abaki wa mwisho, kwa ajili ya yale ambayo kuku hawezi kufundisha: mshipa unaojikaza, damu inayoganda, vibanio vinavyoponda. Hili ni sawa na kanuni ya kubadilisha, kupunguza na kuboresha matumizi ya wanyama iliyowekwa na wanasayansi Russell na Burch mwaka 1959, na pia ni akili ya kawaida ya fedha.

Katika mtihani mmoja, kila mtu apewe saizi moja ya mshipa, uzi wa saizi moja na idadi moja ya mishono. Ukuzaji uwe uleule, mara 15 hadi 25 wakati wa kushona. Ateri ya milimita 2.5 kwa huyu na ya 1.5 kwa yule si mtihani mmoja. Mshipa mmoja pia hautoshi kumhukumu mtu. Chukua mitatu, kwa siku tofauti ikiwezekana.

Nani anasahihisha

Mwalimu aliyemfundisha mwanagenzi ndiye mtahini mbaya kuliko wote, kwa nia njema kabisa. Anamjua, anakumbuka jitihada zake, na alama ya kipengele cha kwanza huvuta zinazofuata. Video zikatwe sauti, zionyeshe uwanja wa hadubini tu, zipewe namba badala ya majina na zichanganywe. Watahini wawili wasahihishe kila mmoja peke yake. Kabla ya hapo wakae pamoja na video chache za mfano, wabishane mpaka wakubaliane "mbili" na "nne" zinafananaje. Kwa mtihani wenye uzito, uwiano wa alama zao kitakwimu hutarajiwa ufike 0.8 au zaidi. Ukiwa chini, kosa mara nyingi liko kwenye fomu kabla ya kuwa kwa watahini.

Alama ya kufaulu isitolewe hewani. Njia nyepesi ni kuwapima watu wa makundi mawili, wanaoanza na wanaofanya kazi hii kwa wagonjwa bila kusimamiwa, kisha kuchora mitawanyiko ya alama zao kwenye grafu moja. Pale inapokatana ndipo mpaka ulipo. Wastani wa darasa hauna kazi hapa: darasa zima linaweza kuwa dhaifu.

Majibu yarudishwe pamoja na picha, siyo namba peke yake. Mwenye mishono ya nusu ukuta arudi kwenye paja la kuku afanye mishono kumi ya upande mmoja, akiifungua kila mara. Mwenye mafundo yanayonyonga afunge kwenye kipande cha glavu ya mpira, ambacho hukunjamana kikizidiwa. Aliyeshona ukuta wa nyuma afanye mtindo wa digrii 120 na maji tunduni mpaka mishipa mitatu mfululizo itoke safi. Kisha wote watahiniwe tena baada ya mwezi au miwili bila onyo la mapema, kwenye mshipa mwingine na mbele ya mtahini mwingine.